Mizani Kwanza, Daftari Baadaye: Blokucheni na Safari ya Samaki wa Kerio

Mnyororo wa ugavi ni mfuatano wa watu, vyombo na shughuli ambazo bidhaa hupitia tangu ikiwa malighafi hadi imfikie mlaji, na uwazi wa mnyororo huo ni uwezo wa kila mhusika kujua bidhaa iko wapi, imetoka kwa nani, imefanyiwa nini na imekaa siku ngapi, bila kulazimika kumsubiri mtu wa kati aeleze apendavyo. Katika Kaunti ya Turkana mfuatano huo unadhihirika vyema kwenye samaki wa Kerio, mashariki ya Lodwar, karibu na ufuo wa Ziwa Turkana: tilapia na sangara, ambaye Wakenya wengi humwita mbuta, huvuliwa, hupasuliwa, hutiwa chumvi na kuanikwa, kisha hufungwa kwenye magunia na kupelekwa Lodwar, na kutoka hapo mzigo huelekea Kakuma au hupanda hadi Kitale, Kisumu na Busia, na sehemu yake huvuka mipaka hadi Kongo. Kila mkono unaopokea gunia unajua bei iliyolipwa kwa mkono uliotangulia, na mara nyingi hauna la ziada unalolijua. Anayeanika hajui samaki wake ameuzwa kwa kiasi gani Kitale. Mnunuzi wa Busia naye hajui kama gunia alilolifungua limekaa juani siku tano au limekaa ghalani miezi miwili.

Blokucheni imependekezwa duniani kote kama dawa ya upofu wa aina hii, na huenda mapendekezo hayo yakawafikia pia wasindikaji, vikundi vya usimamizi wa fuo na wafanyabiashara wa Lodwar na Kakuma, yakiletwa na mashirika au na vijana wa kutengeneza programu. Makala haya yanawashauri walengwa hao namna ya kuyapima mapendekezo hayo kabla ya kutia sahihi, kwa kushikilia hoja moja: daftari lisilofutika hulinda kilichoandikwa, lakini halina uwezo wa kujua kama kilichoandikwa ni kweli, na kwa hiyo fedha na juhudi nyingi zinapaswa kwenda pale maandishi yanapozaliwa, yaani kwenye mizani ya ufuoni na kwenye uchanja wa kuanikia.

Kwa maana ya msingi, blokucheni, yaani mnyororo wa bloku, ni namna ya kuweka daftari moja kwenye kompyuta nyingi kwa wakati mmoja. Maingizo ya daftari hilo, kwa mfano kwamba kilo 80 za tilapia mbichi zimepokelewa Kerio, hukusanywa katika vifurushi viitwavyo bloku, na kila bloku hupigiwa hesabu inayozaa mfuatano mfupi wa herufi na tarakimu ambao hapa utaitwa muhuri wa hesabu. Muhuri huo huandikwa ndani ya bloku inayofuata, nayo hupigiwa hesabu yake ikiwa imeubeba muhuri wa mwenzake, kiasi kwamba mtu akigeuza kilo 80 kuwa 60 katika bloku ya wiki iliyopita, muhuri wa bloku ile hubadilika, unaofuata haulingani nao tena, na washirika wote wenye nakala huona palipochezewa. Wazo hilo lilienea kupitia andiko la mwaka 2008 lililotolewa kwa jina la Satoshi Nakamoto kuhusu sarafu ya Bitcoin, na ndiyo maana wengi wakisikia blokucheni hufikiria kamari ya sarafu za mtandaoni. Msindikaji wa samaki hahitaji sarafu yoyote ya namna hiyo, na mtoa huduma anayeanza mazungumzo kwa kuuza sarafu anastahili kuagwa mapema. Aina inayofaa kazi za uzalishaji ni ile ya kibali, ambamo washirika wanajulikana kwa majina, kila mmoja amepewa ufunguo wa siri wa kutia sahihi maingizo yake, na asiyeruhusiwa hawezi kuandika wala kusoma.

Kenya ilihusishwa na teknolojia hii mapema. Mwaka 2014 kampuni ya meli ya Maersk ilifuatilia kontena la baridi lililobeba maua ya waridi na maparachichi kutoka Kenya hadi Uholanzi, ikagundua kwamba mzigo mmoja wa namna hiyo hupita kwa watu na taasisi karibu 30, zenye kubadilishana nyaraka na ujumbe zaidi ya mara 200. Matokeo hayo yalichangia kuzaliwa kwa TradeLens, mfumo wa blokucheni ambao Maersk na kampuni ya IBM waliuzindua mwaka 2018 ili bandari, mawakala wa forodha na kampuni za meli wasome kumbukumbu zilezile. Mnamo Novemba 2022 wenye mfumo walitangaza kuufunga, wakieleza kwamba ushirikiano kamili wa sekta nzima haukupatikana, na mwaka 2023 ukazimwa. Hesabu za bloku hazikuwa na kasoro. Tatizo lilikuwa kwamba kampuni shindani ziliombwa kuweka siri za biashara yao katika nyumba iliyojengwa na mshindani mwenzao. Kwa mfanyabiashara wa Lodwar funzo la kisa hiki ni kubwa kuliko sifa zozote za mitambo, kwa kuwa swali la kwanza la kumwuliza anayeleta mfumo linahusu mwenye nyumba: nani anamiliki, nani anapanga kanuni, na nani anabaki na kumbukumbu siku mlango ukifungwa.

Rwanda, kwa upande wake, ilitangaza mwaka 2018 mfumo wa blokucheni wa kufuatilia tantalamu, madini yanayotumika katika simu na kompyuta, kwa kushirikiana na kampuni ya Circulor ya Uingereza. Hapo sababu ya kutumia daftari la pamoja ilikuwa wazi, kwa maana wanunuzi wa ng'ambo waliogopa kununua madini yaliyopitia mikono ya makundi yenye silaha, wachimbaji walihitaji kuthibitisha asili ya mzigo wao, na hakuna upande mmoja ambao pande nyingine zote zingekubali neno lake tupu. Penye hofu kama hiyo blokucheni ina kazi ya kufanya. Pasipo na hofu hiyo, ni gharama iliyovaa joho la sayansi.

Kipimo hicho kinaweza kutumiwa palepale Turkana. Mwaka 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianzisha Bamba Chakula katika kambi ya Kakuma, utaratibu wa kuwapa wakimbizi thamani ya chakula kwa njia ya simu, ambayo waliitumia kwa wafanyabiashara walioingia mkataba na shirika hilo. Mfumo huo uliendeshwa kupitia Safaricom na haukuhitaji blokucheni, kwa kuwa mtoaji wa thamani alikuwa mmoja na pande zote zilimkubali kama mshika daftari. Shirika hilohilo lilitumia blokucheni huko Jordan mwaka 2017, katika kambi ya Azraq, likiwa na lengo jingine, hasa kupunguza ada za benki. Vivyo hivyo stempu za ushuru zinazobandikwa kwenye chupa za vinywaji nchini Kenya hufuatiliwa na Mamlaka ya Ushuru ya Kenya tangu kiwandani hadi dukani, na mlaji anaweza kuzikagua kwa programu ya simu ya Soma Label, bila daftari kugawanywa kwa yeyote, kwani sheria imeshamteua mshika daftari. Kwa hiyo msindikaji mmoja wa Lodwar anayenunua, anayeanika, anayehifadhi na anayeuza kwa jina lake mwenyewe hana haja ya blokucheni. Kitabu kilichopigwa mistari vizuri, au lahajedwali kwenye kompyuta yenye nakala ya akiba, kitamtosha na kumbakishia fedha za kununua mizani bora. Haja huanza pale ambapo vikundi vya ufuoni, wasafirishaji, wenye maghala na wanunuzi wa mbali wanapotaka kuona mambo yaleyale, kila mmoja akiwa na sababu ya kumshuku mwenzake, na hakuna hata mmoja anayekubaliwa na wote kushika kalamu.

Ikiwa haja hiyo ipo, kazi ianzie ufuoni, na ianze na kitu ambacho watengenezaji wa programu hukipa dakika chache mno, yaani fungu. Fungu ni kiasi cha bidhaa kilichotendewa mambo yaleyale kwa wakati uleule, kama vile samaki waliopokelewa asubuhi moja, wakapasuliwa na kuanikwa uchanja mmoja. Fungu likipewa nambari yake, na magunia yake yakafungwa kwa lakiri ya plastiki yenye nambari isiyoweza kurudiwa, kila tukio la baadaye lina mahali pa kushikamana: tarehe ya kuvuliwa, uzito wa samaki mbichi, kiasi cha chumvi, siku za kuanikwa, uzito wa samaki mkavu, ghala, gari na mpokeaji. Lodwar ndipo mambo hutatizika, kwa kuwa mfanyabiashara huchanganya gunia la Kerio na la Kalokol, ufuo mwingine wa ziwa, ili kutimiza mzigo wa lori, na mfumo usiojua kuchanganya utamlazimisha kudanganya. Mfumo unaofaa humruhusu kufungua fungu jipya lenye kutaja mafungu yaliyolizaa, ili tatizo likitokea Busia iwezekane kurudi nyuma hadi kwenye fuo zote mbili badala ya kulaumu ya kwanza itakayokumbukwa.

Uzito wa samaki una manufaa mengine ambayo hayapatikani kwa bidhaa nyingi za viwandani. Takriban robo tatu ya uzito wa samaki mbichi ni maji, na kuanika ni kazi ya kuyaondoa maji hayo; kwa hiyo kilo 100 za samaki wabichi, baada ya kutolewa matumbo na kukaushwa sawasawa, haziwezi kuzaa kilo 60 za samaki wakavu isipokuwa samaki wa kwingine wamechanganywa, au chumvi imezidi, au hawajakauka. Hesabu ya namna hiyo, inayolinganisha kilichoingia na kilichotoka, huitwa mizania ya uzito, na ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kumnasa mwongo ambaye muhuri wa hesabu hauwezi kumnasa. Inashauriwa kila kikundi kipime uwiano wake kwa wiki kadhaa, kwa tilapia peke yake na sangara peke yake, kwa kuwa ukubwa wa samaki na wingi wa chumvi hubadilisha matokeo, kisha uwiano huo uwekwe ndani ya mkataba unaojitekeleza. Mkataba wa aina hii ni kanuni zilizoandikwa kwa lugha ya kompyuta, ambazo hukagua ingizo na kutenda bila kusubiri karani: fungu likivuka mipaka ya uwiano, halikataliwi, bali huwekewa alama na kusubiri mtu wa pili alipime tena. Kulikataa moja kwa moja ni kosa, maana siku ya mawingu au ya upepo wenye mchanga samaki hukauka vibaya bila hila ya mtu yeyote.

Mizani yenyewe haina budi kuaminika. Mizani inayopima kwa ajili ya biashara nchini Kenya inapaswa kukaguliwa na kupigwa muhuri na maafisa wa vipimo, na tarehe ya ukaguzi huo ni ingizo la thamani kuliko picha nyingi zinazopakiwa mtandaoni. Inafaa pia kila uzani utiwe sahihi na pande mbili, anayeuza na anayenunua, kila mmoja kwa ufunguo wake, kwa sababu masilahi yao yanapingana na kwa hiyo makubaliano yao yana uzito wa ushahidi. Sahihi mbili za watu wa kampuni moja hazina faida hiyo.

Jambo la mahali linataka uangalifu wa pekee. Watengenezaji wa mifumo hupenda kuufunga kila ufuo kwenye nukta moja ya ramani, na ingizo lolote lililotoka nje ya nukta hiyo huhesabiwa kuwa la hila. Lakini katika miaka ya karibuni maji ya Ziwa Turkana yamepanda na kufunika sehemu za fuo zilizokuwa zikitumika, watu wakahamisha makazi na nyavu zao. Ufuo uandikwe kwa jina na kwa kikundi kinachousimamia, na eneo lake liwe pana, likirekebishwa kwa idhini ya kikundi. Ziwa hili limewahi kuwaumbua wapanga mipango kwa upande wa pili pia: kiwanda cha kugandisha samaki kilichojengwa Kalokol kwa msaada wa Norway na kukamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980 kilifanya kazi kwa muda mfupi tu, kwa sababu kugandisha katika joto lile kulidai umeme na maji safi kwa gharama isiyolingana na thamani ya samaki, na Ghuba ya Ferguson, iliyotegemewa kukilisha, ilikauka katika muongo huohuo. Blokucheni isingekiokoa kiwanda kile. Kumbukumbu za miaka mingi za kiasi kilichopokelewa kila mwezi zingeweza, hata hivyo, kumwonyesha mjenzi ukubwa wa jengo lisilofaa kujengwa, na msindikaji wa leo anayefikiria kununua kikaushio cha umeme wa jua ana haja ya kumbukumbu zizo hizo.

Mtandao wa simu haupatikani sawasawa kila mahali kando ya ziwa, na simu nyingi mikononi mwa wavuvi na wasindikaji ni za vitufe. Mfumo unaodai simu ya kisasa na intaneti kila wakati utaishia kuandikiwa Lodwar na mtu mmoja anayekumbuka mambo ya juzi, na hapo daftari la pamoja litakuwa limegeuka kuwa kumbukumbu za mtu mmoja zenye mapambo. Mwaka 2016 kampuni ya Provenance ya Uingereza ilijaribu blokucheni kwa wavuvi wa jodari wa Indonesia, ambao waliandikisha samaki wao kwa ujumbe mfupi wa kawaida wa simu, na njia hiyo inaweza kuigwa. Pale ambapo hata ujumbe hautoki, daftari la karatasi lenye kurasa za nambari na nakala tatu litumike, na ingizo likipelekwa baadaye mfumo uonyeshe saa mbili tofauti, ya tukio na ya kuandikishwa, bila kuzificha. Pengo la siku mbili kati ya saa hizo si aibu, ni taarifa.

Kakuma inaleta suala la ufunguo. Kambi hiyo iliyoanzishwa mwaka 1992, pamoja na makazi ya Kalobeyei yaliyo karibu nayo, ni soko kubwa kuliko linavyodhaniwa na wageni, kwani utafiti wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IFC) uliotolewa mwaka 2018 ulikadiria matumizi ya watu wa Kakuma na mji wake kuwa takriban dola milioni 56 kwa mwaka, kukiwa na biashara zaidi ya 2,000. Hata hivyo mkimbizi anayefanya biashara huweza kukosa kitambulisho kinachokubalika kwa usajili wa laini ya simu, akatumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Katika blokucheni sahihi ni ya mwenye ufunguo, kwa hiyo ufunguo ukifungwa kwenye laini hiyo, aliyesajiliwa anaweza kudai mzigo usio wake. Ni busara ufunguo utolewe kwa kikundi au kwa duka, uwe na wadhamini wawili wanaoweza kuubatilisha simu ikipotea, na utaratibu wa kuubatilisha ufanyiwe zoezi kabla ya mzigo wa kwanza kuondoka.

Kutofutika, ambako wauzaji hukutaja kama sifa, ni mzigo mbele ya sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kutaka taarifa zake zisahihishwe, na katika hali zilizotajwa zifutwe, jambo lisilowezekana kwenye daftari lililotengenezwa lisifutike. Njia ya kutoka ni kutoweka majina, nambari za simu wala picha za watu ndani ya mnyororo wenyewe. Taarifa hizo zikae kwenye hifadhi ya kawaida inayoweza kurekebishwa, na kwenye bloku uwekwe muhuri wake wa hesabu pamoja na nambari ya uanachama. Bei nazo zionwe na pande mbili zinazouziana tu. Mfanyabiashara wa Lodwar hatakubali, na halaumiwi, kumfungulia mshindani wake hesabu za faida.

Kwa wanaotaka kuzoea mfumo kabla ya kuugeukia mzigo wa samaki, vikapu vya mikoma vinavyosukwa na wanawake wa Turkana ni bidhaa ya kujifunzia iliyo nyepesi zaidi, kwa kuwa kikapu kimoja kinaweza kupewa msimbo wake, hakiharibiki njiani na hakichanganywi na kingine. Hatari yake ni lebo kuhamishwa kutoka kikapu cha Kerio hadi cha kiwandani mbali, na dawa yake ni kuisuka lebo ndani ya kitako wakati wa kazi, badala ya kuifunga kwa uzi baadaye.

Kuhusu gharama, anayefaidika zaidi na uwazi kwa kawaida ni mnunuzi wa mwisho, huku kazi ya kuandika ikimwangukia anayeanika, na mpango usiorekebisha mwelekeo huo hufa pindi mfadhili anapoondoka. Mkataba utaje kiasi ambacho mnunuzi ataongeza kwa kila kilo yenye kumbukumbu kamili, au ulipaji wa haraka zaidi mara mzigo unapopokelewa. Pasipo mojawapo ya hayo, kikundi kina haki ya kukataa. Mkataba utaje vilevile kwamba kumbukumbu zote zitatolewa katika muundo wa faili unaosomeka na programu za kawaida, kila mwezi, bila malipo. Matengenezo ya mfumo yawe karibu. Chuo cha teknolojia kilichopo Loropio, kando ya ziwa, kinafundisha vijana kazi za kompyuta, na fundi anayefika siku hiyohiyo ana manufaa kuliko bingwa aliye ng'ambo.

Jaribio la kwanza lihusu bidhaa moja, njia moja, kwa mfano tilapia mkavu kutoka Kerio hadi Kitale, na msimu mmoja, huku kitabu cha karatasi kikiendelea sambamba. Kila wiki mtu asiye wa kikundi achague gunia moja Kitale bila taarifa, asome nambari ya lakiri, na ahesabu muda unaopita hadi ajulikane ufuo, tarehe ya kuvuliwa na uchanja. Kampuni ya maduka ya Walmart ya Marekani, ilipojaribu jambo hilo kwa maembe pamoja na IBM, ilipunguza muda huo kutoka karibu siku saba hadi sekunde 2.2, lakini maembe yale yalikuwa yameshaandikwa vizuri tangu shambani. Kwa Kerio, kupunguza kutoka kutojulikana kabisa hadi saa moja kungetosha kulipisha bei tofauti. Msimu ukiisha, kikundi na mnunuzi wakae pamoja Lodwar wakiwa na kitabu cha karatasi mkono mmoja na orodha ya mfumo mkono wa pili, wayapitie kwanza mafungu yaliyowekewa alama na magunia yaliyorudishwa, na ikionekana kitabu kimeyaeleza yote sawasawa na mfumo, fedha za msimu wa pili zinunue mizani nyingine na turubai za kufunikia uchanja.